Magunia kumi ya saumu kuzunguka Unguja: Safari ya Dongobesh hadi Nungwi inalipa?

KIANGAZI kinapoingia Dongobesh, wilayani Mbulu, mkulima wa vitunguu saumu hana siku nyingi za kufikiri. Mazao yako uani, ada za shule zinakaribia, na mnunuzi aliyekuja na lori lake anataja bei moja tu, tena kwa gunia, si kwa kilo.

Wengi huuza hapo hapo. Wengine hupakia wenyewe kwenda Arusha au Dar es Salaam. Na wapo wanaojiuliza kwa nini wasivuke bahari kabisa, wakauze Unguja, kwenye hoteli, pilau na wageni wa kila siku.

Swali hilo si la mzaha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na mwaka 2024 visiwa hivyo vilipokea watalii zaidi ya 700,000. Wote hao wanakula. Sehemu kubwa ya vitunguu, viazi na karoti zinazoliwa huko hutoka Bara, kwa kuwa joto la pwani haliyafai mazao yanayopenda ubaridi. Saumu ni mojawapo. Isipopata majuma ya baridi punje zake hazigawanyiki vizuri, na ndiyo maana nyanda za juu kama Mbulu, zilizo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, zimejipatia jina kwa zao hilo.

Lakini kati ya uani Dongobesh na jiko la Nungwi kuna milima, vumbi, lami, bandari mbili, na barabara za kisiwa ambazo hazizunguki kama ramani inavyomdanganya mgeni. Ili kuona kama safari hiyo inalipa, makala haya yanawafuata mke na mume wa mfano, wenye magunia kumi ya kilo 80 kila moja, ambao wameamua kuacha watoto kwa bibi yao na kusafiri wote wawili kwa siku kumi.

Kwa nini wote wawili? Hapo ndipo majirani wanapoanza kucheka. Kwa kawaida baba huenda na mzigo, mama hubaki na ng'ombe. Hata hivyo, mama ndiye aliyepanda, akapalilia na kuchambua. Anajua gunia lipi lina saumu iliyokomaa na lipi lilivunwa mapema kwa sababu ya haraka ya fedha. Naye baba ndiye anayejua kubishana na utingo na wapagazi usiku wa manane. Jambo la tatu halisemwi sana: ugomvi mwingi katika nyumba za wakulima huanzia kwenye fedha ya mauzo ambayo mmoja hakuiona ikihesabiwa.

Kabla ya kufunga gunia

Saumu ikitoka ardhini ina maji mengi. Hapa nyumbani, ambako usiku ni baridi na hewa ya kiangazi ni kavu, inaweza kuvumilia makosa ya mkulima. Unguja haivumilii. Hewa ya kisiwa imejaa unyevu wa bahari mwaka mzima, na saumu iliyofungwa ikiwa mbichi huanza kutoa mizizi, kuchipua na kuota ukungu kabla mwenyewe hajapata mteja wa pili.

Kwa hiyo hesabu ya safari huanzia kwenye chanja. Saumu ikaushwe kivulini, penye upepo, kwa majuma mawili hadi matatu, mpaka shingo ikauke kabisa na maganda ya nje yawe kama karatasi. Ikaukie huko ikiwa na majani yake. Baadaye shina likatwe, libaki kama sentimita mbili, na mizizi ipunguzwe bila kujeruhi kitako. Zilizochubuliwa na jembe zibaki nyumbani kwa mboga, maana moja iliyooza huambukiza gunia zima.

Kisha zichambuliwe: kubwa, za kati na ndogo, kila aina na gunia lake. Mifuko ya wavu ni bora kuliko magunia ya salfeti, kwa kuwa inapitisha hewa. Kama hakuna ila salfeti, basi yasishindiliwe, na yasikae juani juu ya turubai bandarini.

Suala la uzito nalo lisidharauliwe. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, lumbesa ni kosa, na gunia lisizidi kilo 100. Lakini mbali na sheria, lumbesa humwibia mkulima mwenyewe. Unguja muuzaji wa sokoni hununua na kuuza kwa kilo. Asiyepima nyumbani kwake hatajua kama kilo zilipotea njiani kwa kukauka, au kwa mkono wa mtu.

Magunia kumi ya kilo 80 ni kilo 800. Kiasi hicho hakikuchaguliwa kwa bahati. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Pamoja na hayo, karatasi ya mtendaji wa kijiji inayoonyesha mzigo ni wa nani na umetoka wapi hupunguza maneno kwenye vizuizi.

Kushuka mlimani

Kutoka Dongobesh kuna njia kadhaa za kuifikia lami. Ya kaskazini inapitia Mbulu mjini hadi Karatu, kisha Mto wa Mbu, Makuyuni na Arusha. Nyingine inatoka Mbulu na kuteremka Magara hadi Mbuyu wa Mjerumani, kwenye barabara kuu ya Babati na Arusha. Wengine hushukia Dareda, wakaishika barabara ya Singida na Babati.

Miaka ya nyuma mtu wa Mbulu aliyekwenda Dar es Salaam alikuwa kama hana budi kuzunguka kwa Arusha. Tangu barabara ya Babati hadi Dodoma, yenye kilomita 251, ilipozinduliwa kwa lami Aprili 2018, njia ya Kondoa imekuwa na maana kwa mfanyabiashara. Kwa vyovyote vile, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 750.

Sehemu inayoumiza mzigo ni ile ya mwanzo. Juni 2023 barabara ya kutoka Karatu kupitia Mbulu na Haydom hadi Maswa iliingizwa katika mikataba ya barabara saba zenye jumla ya kilomita 2,035 iliyosainiwa Dodoma. Mwenye magunia leo hawezi kupakia juu ya mkataba. Anapaswa kuulizia hali ya njia wiki hiyo hiyo, hasa kama mvua za vuli zimewahi, na kuhakikisha saumu haikupangwa chini ya magunia ya mahindi.

Dar es Salaam ina kishawishi chake. Mtu amechoka, gari limefika alfajiri, dalali anakuja na bei nzuri kidogo kuliko ya kijijini, na fedha iko mkononi. Si aibu kuuza gunia moja au mawili hapo ili kupunguza mzigo. Lakini mke na mume wetu wamekubaliana kabla ya kuondoka: bei ya Dar es Salaam iandikwe kwenye daftari, na safari iendelee.

Maji ya chumvi

Mtu aliyezaliwa milimani anapoiona bahari mara ya kwanza husahau kidogo kuangalia mzigo wake. Ndiyo maana ni vema kugawana kazi. Mmoja avuke na boti ya abiria inayochukua kama saa mbili, atangulie kutafuta pa kuweka mzigo. Mwingine abaki mpaka magunia yapokewe na meli ya mizigo na stakabadhi itolewe, yenye idadi na uzito.

Miezi ya baada ya masika ndiyo ya kusi, na bahari huchafuka. Anayevuka kwa mara ya kwanza asile sana asubuhi hiyo.

Upo usafiri wa bei rahisi zaidi, na hapo ndipo ukali wa kubana matumizi unapogeuka hatari. Septemba 10, 2011 MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Julai 18, 2012 MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mamia ya watu walipoteza maisha. Chombo kilichojazwa kupita kiasi huonekana kwa macho hata na mtu wa Dongobesh. Akikiona asipande, wala asipakie.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba Zanzibar ina Serikali yake na mamlaka yake ya mapato, ZRA. Mwenye mzigo aulize mapema kwa wakala wa meli nyaraka zinazotakiwa na malipo yanayomhusu, asisubiri kuulizwa akiwa amezungukwa na mahamali bandarini Malindi. Kitambulisho cha Taifa kisisahaulike. Kwa wanandoa, si vibaya kubeba nakala ya cheti cha ndoa kwa ajili ya nyumba ya wageni.

Sokoni wanauliza 'thomu'

Asubuhi ya kwanza ni Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, pembeni mwa Mji Mkongwe. Hapa mama wa Dongobesh anagundua kwamba Kiswahili chake kinahitaji marekebisho kidogo. Nyanya huku ni tungule. Viazi ni mbatata. Na saumu mtu anaiita thomu.

Anagundua pia kwamba mnunuzi wake si yule aliyemzoea. Katika gulio la nyumbani wanaozunguka na vikapu ni akina mama. Unguja, kwa desturi ya nyumba nyingi, baba ndiye anayekwenda sokoni asubuhi na kurudi na samaki, mboga na viungo. Baba huyo amepewa maagizo na mkewe. Habishani kuhusu ubora, anataka alichotumwa. Kwa hiyo saumu mpya lazima kwanza imridhishe mke aliyeko nyumbani, ambaye muuzaji hamwoni.

Na pale pale mezani, pembeni ya saumu ya Bara, kuna ile ya China. China huzalisha karibu robo tatu ya saumu yote duniani, na mifuko yake ya wavu imefika Darajani kama ilivyofika Kariakoo. Ni nyeupe, ni kubwa, na punje zake humenyeka haraka. Mpishi mwenye wageni mia mbili wa chakula cha jioni anaipenda kwa sababu hiyo tu.

Saumu ya Mbulu ni ndogo na inachosha vidole. Nguvu yake iko kwenye harufu na ukali: punje moja hufanya kazi ya kadhaa za mgeni. Jambo hilo haliandikwi kwenye gunia. Mama anapaswa kupasua punje mbili mbele ya mnunuzi, ya China na ya kwake, akamwachia anuse. Hakuna tangazo zuri kuliko hilo, na baba akiwa na busara atakaa kimya wakati huo.

Salamu ije kabla ya bei. Anayeanza na "unachukua kilo ngapi?" ameshaharibu. Mama ajitande vizuri. Kama ni mwezi wa Ramadhani, wasile wala kunywa hadharani mchana. Mwezi huo, pamoja na siku za kuelekea Idi, ndio ambao viungo huuzika sana kwa ajili ya futari na pilau. Mkulima mwenye chanja nzuri anaweza kuzikadiria tarehe hizo mapema na kubakiza magunia mawili matatu.

Kisiwa hakizunguki

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi. Kwa mtu aliyetoka kupita kilomita zaidi ya 750, hiyo inaonekana kama mwendo wa kwenda mnadani. Mke na mume wetu wanakodi kirikuu pamoja na dereva wa hapo hapo kisiwani, anayejua njia na askari wake, kwa siku tatu. Wanapakia magunia manne, mengine yanabaki kwa mwenye ghala Mwanakwerekwe.

Siku ya kwanza ni kaskazini: Bububu, Mahonda penye kiwanda cha sukari, Kinyasini, hadi Nungwi, kiasi cha kilomita 56 kutoka mjini. Nungwi ni kijiji cha mafundi wa majahazi kilichogeuka kuwa mji wa hoteli. Macho ya baba yanakwenda kwenye mageti makubwa. Anaona majiko ya wageni mia tatu.

Mlinzi anawaelekeza kwa mtu wa manunuzi, naye ana maswali matatu. Wana risiti ya mashine? Wanaweza kuleta kila wiki, mwaka mzima, hata saumu ikiadimika? Wanaweza kusubiri malipo kwa siku 30 au zaidi? Mkulima wa magunia kumi hana jibu la hata swali moja. Hoteli hununua kwa msambazaji mwenye gari, leseni na mtaji wa kusubiri. Kwa hiyo mtu wa kutafutwa ni msambazaji huyo, na kwa kawaida ana ofisi au kibanda mjini, karibu kabisa na pale walipoanzia safari.

Nusu siku imekwenda, na kirikuu kina mafuta ya kulipiwa.

Wanageukia maduka ya vijijini. Hapo mambo yanakuwa mepesi, lakini madogo. Mwenye duka anachukua kilo mbili, mwingine tano, anayepika biriani ya jioni anachukua tatu. Wengine wanataka mali kauli: wachukue leo, walipe wakishauza. Mali kauli ni desturi ya biashara kote Pwani na haina ubaya kwa watu wanaokutana kila wiki. Kwa aliyetoka Dongobesh, nauli ya kwenda kudai kilo tano ni kubwa kuliko kilo tano zenyewe.

Siku ya pili ni mashariki, kutoka Matemwe kushuka Kiwengwa, Pongwe, Uroa hadi Chwaka. Hapo ndipo ramani inapowadanganya. Ng'ambo ya maji wanaiona rasi ya Michamvi, kama vile mtu angeweza kuita akaitikiwa. Lakini Ghuba ya Chwaka iko katikati. Gari halina budi kurudi ndani ya kisiwa kuelekea Dunga, kuishika barabara ya kusini kwa Tunguu, kupita msitu wa Jozani kwa mwendo wa pole kwa sababu kima punju huvuka barabara, ndipo wafike Paje. Anayefuata pwani yote kwa namna hiyo, pamoja na kurudi mjini, atapita zaidi ya kilomita 250.

Paje na Jambiani wanakuta biashara inayofanana na ya kwao kuliko walivyotarajia. Tangu mwaka 1989 akina mama wa pwani hii wamekuwa wakilima mwani baharini kwa kamba na vijiti, maji yanapokupwa. Wanaukausha, wanaufunga magunia, na kumsubiri mnunuzi ambaye ndiye anayetaja bei. Aina yenye bei nzuri, cottonii, imekuwa ikifa kwa sababu maji ya kina kifupi yamezidi joto, na wengi wamebaki na spinosum ya bei ya chini.

Hata hivyo, fedha ya mwani, ndogo kama ilivyo, mara nyingi iko mkononi mwa mama mwenyewe. Vijiji vya namna hiyo ni vya kuuzia saumu kwa reja reja, mradi mtu afike siku mwani uliponunuliwa.

Siku ya tatu ni Makunduchi na Kizimkazi, kisha kurudi mjini. Magunia mawili na nusu yameuzwa katika siku tatu. Gunia moja na nusu limezunguka kisiwa kizima na kurudi lilikotoka.

Mtu angeweza kujifunza hayo hayo kwa gharama ndogo. Magari ya abiria ya shamba huenda kila upande, kwa namba ambazo Waunguja wamezizoea: 116 Nungwi, 118 Matemwe, 206 Chwaka, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi. Kapu la kilo kumi za mfano linaingia humo bila shida. Kirikuu kilikuwa cha baba, ambaye alitaka mzigo uonekane ni mzigo.

Daftari linasema nini

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, si bei ya soko. Kila msomaji aweke bei za wiki yake.

Tuseme bei ya kijijini ni Sh3,000 kwa kilo. Kilo 800 zingewapa Sh2,400,000 bila kutoka nyumbani. Tuseme Unguja jumla ni Sh5,000, na kwamba kilo nane katika kila mia zimepotea kwa kukauka na kuharibika. Zinabaki kilo 736, ambazo ni Sh3,680,000.

Sasa gharama. Magunia hadi Dar es Salaam, Sh150,000. Wapagazi na mkokoteni, Sh30,000. Meli, Sh100,000. Bandari ya pili, mahamali na ghala, Sh60,000. Nauli za watu wawili kwenda na kurudi, barabara na bahari, Sh380,000. Malazi na chakula kwa siku kumi, Sh400,000. Kirikuu siku tatu, Sh240,000. Jumla ni Sh1,360,000.

Toa hiyo, zinabaki Sh2,320,000. Wamepungukiwa na Sh80,000 kuliko kama wangemuuzia mnunuzi wa lori, na ng'ombe wamekamuliwa na mtu wa kulipwa.

Wengi huishia hapo na kuapa kutorudi. Lakini tazama tena orodha. Gharama za mzigo wenyewe ni Sh340,000 tu. Zilizobaki, Sh1,020,000, ni za watu: miguu yao, matumbo yao na kirikuu chao. Mzigo wa pili hauhitaji watu wawili, pengine hauhitaji hata mmoja, kama safari ya kwanza ilitumika kumpata mwuzaji wa kuaminika Mwanakwerekwe au Darajani.

Magunia kumi mengine yakitumwa kwa wakala wa malipo ya asilimia tano, yaani Sh184,000, na bei ikabaki ile ile, zinarudi Dongobesh Sh3,156,000. Hiyo ni Sh756,000 zaidi ya bei ya kijijini. Bei ya Unguja ikianguka hadi Sh4,000, zinarudi kama Sh2,457,000, sawa na kusema wamefanya kazi bure. Kwa hiyo simu ya bei ipigwe kabla ya gunia kufungwa, na ipigwe kwa watu wawili wasiofahamiana.

Kuhusu huyo wakala, baba na mama hawakubaliani. Baba amempenda kijana mmoja mchangamfu mwenye meza kubwa Darajani. Mama anamtaka mzee wa Mwanakwerekwe asiyezungumza sana, ambaye alipopima gunia mzani ukaonyesha kilo 78 alimwita aje aone kabla hajaandika. Wanawagawia: magunia sita kwa mzee, manne kwa kijana, fedha iingie kwa simu kila gunia linapokwisha, si mwisho wa mwezi. Kijana akichelewa gunia la kwanza, hapewi la pili.

Gari lisirudi tupu

Linabaki suala la mzigo wa kurudia. Baba ameona runinga kubwa kwa bei ambayo Arusha hajaisikia. Asisahau kwamba bidhaa za nje zinazotoka Zanzibar huulizwa kodi zikifika bandari ya Dar es Salaam, na ile nafuu inaweza kuishia hapo kaunta.

Karafuu zisiguswe kabisa. Mnunuzi wa karafuu kutoka kwa wakulima Zanzibar kwa mujibu wa sheria ni shirika la Serikali, ZSTC, na mtu anayekamatwa na gunia la karafuu bandarini ataitwa mtu wa magendo hata kama aliliona kama zawadi.

Viungo vingine vinabebeka: mdalasini, pilipili manga, hiliki, kwa vifurushi vidogo vyenye risiti. Kuna pia dagaa wakavu wa Unguja, ambao hununuliwa kwa wingi na wafanyabiashara wanaowapeleka hadi Kongo. Ni wepesi na hawaozi wakikaushwa vizuri.

Mama amechukua magunia mawili ya dagaa na kilo tatu za mdalasini, kwa fedha ya yale magunia mawili na nusu yaliyouzwa vijijini. Mifuko ya wavu iliyokwisha kazi imekunjwa na kufungwa kamba juu ya dagaa. Baba anauliza kama harufu haitaingia kwenye mifuko ya saumu. Mama anasema itafuliwa Dongobesh, maji yapo.

Upande wa Pemba hawakufika. Chake Chake, Wete na Konde zina masoko yao, na meli ya kwenda huko ni safari nyingine. Mzee wa Mwanakwerekwe ana mdogo wake Wete, na namba yake ya simu imo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.